Mtoto Niliyempokea Dirishani

Mpendwa mshauri Bi Johari, shikamoo. Ninaomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, kwa sababu Ijumaa ya mwisho mjukuu wangu anatakiwa kusafiri kwenda kliniki Itigi, na mimi nitakuwa ndani ya basi litakalompitia njiani, na sijui kama nitathubutu kufungua dirisha.

Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Rungwa, ninalima na kufuga nyuki pamoja na mume wangu, na asali yetu huwa ninaipeleka Itigi kuwauzia abiria wanaosubiri treni. Kabla ya mvua zilizopita tulikuwa na basi kila siku, moja linakwenda na jingine linarudi, mtu akikosa leo alisafiri kesho bila kugombana na yeyote, lakini mwenye mabasi akaondoa moja, wanasema barabara inamvunjia springi, akatuachia lile kuukuu ambalo sasa linakwenda Itigi Jumanne na Ijumaa tu na kurudi siku zinazofuata, na tangu hapo kusafiri kumekuwa vita, mizigo inapangwa kwenye njia ya katikati mpaka huoni pa kuweka mguu, na mtu mliyesalimiana vizuri kisimani asubuhi anakusukuma kwa kiwiko mlangoni kama hajawahi kukuona. Mimi mwenyewe huwa ninawahi kuyapanga madumu yangu ya asali hapo katikati, ninamlipa konda, na sipendi mtu ayakanyage.

Sasa mshauri, huku kwetu tuna desturi, na nadhani hata ninyi wa Singida mjini mnaijua, kwamba basi likijaa, mama mwenye mtoto humpitisha mtoto dirishani kwanza, anapokewa na yeyote aliyekaa, anapakatwa, halafu mama ndiyo anazunguka kuugombania mlango, na wewe unayempokea hutazami hata sura, unaona mikono tu imemwinua mtoto, unamchukua, mkifika mnatafutana, unamrudishia, anakushukuru, basi. Nimepakata watoto wengi namna hiyo na wengine leo ni watu wazima wananiamkia barabarani wala hawajui kwa nini ninawapenda.

Wakati wa mvua sikuwepo Rungwa, nilikuwa Mkalama nikimuuguza mama yangu. Niliporudi nikakuta mambo ya basi yamebadilika hivyo, na safari yangu ya kwanza tulipofika njiapanda ya Mizinga, ambapo hakuna nyumba karibu, ni vichaka tu pande zote mbili na vumbi, dereva alisimama kuangalia tairi, na abiria wakaanza kumpigia kelele aondoke, nikashangaa haraka hiyo ni ya nini. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mikono ikamwinua mtoto. Nikampokea kama ninavyopokea siku zote. Alikuwa na umri kama wa mwaka na nusu, amevingirishwa blanketi na kuvikwa kofia ya sufu kwenye jua lile, na mwili ulikuwa wa moto sana, anahema harakaharaka, nikamlegeza kofia apate hewa, naye akaweka kichwa chake hapa kwenye shingo yangu na kutulia. Mama niliyekaa naye kiti kimoja akageuza uso upande wa pili, nikadhani ana kiburi. Nikambembeleza mtoto njia nzima kwa Kinyaturu kama nilivyobembelezwa mimi.

Tulipofika Itigi tulisimama kwenye reli kupisha treni ya mizigo, na nilikuwa nikiyatazama mabehewa yanavyopita, na behewa la mwisho lilipopita nikatazama chini nimwamshe mtoto, nikaona khanga yangu tu.

Nilisimama nikauliza mtoto yuko wapi, nani amemchukua. Konda wetu anaitwa Idrissa, ninamfahamu tangu yuko shule, ni mtu wa utani, akaniambia, "Mama Ritha, mtoto gani tena? Au asali imeanza kukulewesha?" Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika upesi, na Idrissa aliponisogelea akaitazama khanga yangu, maana kifuani ilikuwa imelowa jasho ambalo si langu na ilinuka mafuta ya watoto na moshi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilifungua dirisha pale Mizinga. Nikasema ndiyo. Akanishushia madumu yangu yote mwenyewe bila kunidai chochote na kuniambia, "Safari ijayo funga." Nilipotaka kushuka nilishindwa, Bi Johari, miguu ilikuwa na ganzi, ganzi ile ya mtu aliyepakata mtoto mzito kwa muda mrefu.

Safari zilizofuata ndipo nikaona. Tukikaribia Mizinga mazungumzo yanakatika, halafu madirisha yanafungwa, linaanza la mbele, linafuata la nyuma yake, mpaka la mwisho, hakuna anayemwambia mwenzake, tunakaa ndani ya joto lile kama mkate kwenye tanuri mpaka tupite, ndipo mtu mmoja anakohoa na watu wanaanza tena kusema habari za mahindi. Na dereva siku hizi hasimami pale, hata pawe na mtu.

Kuna mzee mmoja wa Mwamagembe, Mzee Gerald, anasafiri sana kwa ajili ya dawa za macho. Nilimwamkia, nikamuuliza Mizinga kuna nini. Akaniambia kwamba basi lilipopunguzwa, wakati wa mvua, palikuwa na mama anayesimama pale na mtoto mgonjwa. Mara ya kwanza abiria walimwambia dereva gari limejaa, asisimame, na kweli lilikuwa limejaa. Mara ya pili lilisimama, yule mama akamwinua mtoto dirishani, mtu akampokea, lakini mama mwenyewe mlangoni hakupata pa kukanyaga, basi mtoto akarudishwa mikononi mwake na gari likaondoka. Mara ya tatu alisimama tu, hakupunga mkono. Baada ya hapo hawakumwona tena. Nikamuuliza mzee, ni nani yule mama, ni wa nyumba ipi. Akaniambia, "Mwanangu, nani angeshuka kuuliza? Ukishuka Mizinga gari linakuacha."

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Binti yangu Ritha mumewe amepata shamba mwaka huu huko ndani ya Mizinga, wamehamia, na mtoto wao Peniel ana ugonjwa wa selimundu, lazima aende kliniki Itigi kila mwezi, na kwa bodaboda haiwezekani kwa sababu upepo na jua la njia ile vinamwamshia maumivu. Mwezi uliopita Ritha aliniambia atasafiri Jumanne, nikajua ameshakwenda. Kumbe Jumanne basi lilimpita, akarudi tena Ijumaa bila kunijulisha, maana huko kupata mtandao wa simu ni mpaka upande kichuguu. Na mimi Ijumaa hiyo nilikuwemo. Nililifunga dirisha langu kama wenzangu, nikainamisha kichwa mpaka tulipopita.

Jioni akanipigia simu. Hakuniamkia. Akaniambia, "Mama, leo umenipita."

Nikamwambia sikumwona, vioo vilikuwa na vumbi.

"Mimi nimekuona," akasema. "Ulikuwa umepakata mtoto. Huyo ni mtoto wa nani, mpaka ukashindwa kumpokea Peniel?"

Bi Johari, ninakuapia, Ijumaa ile mapajani sikuwa na kitu, niliweka mikono tu. Lakini alipoyasema hayo nikakumbuka kwamba niliposhuka Itigi miguu ilikuwa na ganzi.

Peniel alilia maumivu siku mbili baada ya hapo. Ritha amemwambia baba yake kwamba mimi ninajua kubeba watoto wa wenzangu tu, na simu zangu hapokei. Mume wangu anasema tumwite mtaalamu alizindike gari, na abiria wenzangu wako tayari kuchanga. Mimi sijui. Ninaogopa nikifunga dirisha mjukuu wangu ataachwa tena, na ninaogopa nikifungua, mikono ikainua mtoto, nitajuaje ninayempokea ni yupi, maana mapaja yangu yana nafasi ya mtoto mmoja. Na hata kama ni Peniel kweli, Bi Johari, tukisimama kwenye reli nikatazama chini na kuiona khanga tupu, nitamwambia nini Ritha?

Ni mimi, Mama Ritha, Rungwa.

*

Mama Ritha, marahaba.

Ninakupa pole kwa hofu yako, na ninakuamini kuhusu ganzi ya miguu. Sitabishana nawe juu ya kitu ulichokipakata. Barua yako si ya kwanza kutoka njia hiyo. Tangu mvua zilipokatika nimepokea nyingine, za wanaume na za wanawake, na zote zinasema habari ya khanga au shati lililolowa. Wote wananiuliza waende kwa mganga yupi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto yule alikuwa anaumwa nini. Wewe ulimlegeza kofia, kwa hiyo ninakuweka mbele yao kidogo, lakini hata wewe hukuuliza.

Sasa nisikilize vizuri. Mtoto uliyempokea alikufanyia ubaya gani? Aliweka kichwa shingoni mwako akalala. Ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe. Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali alipokudhuru, sijapaona. Anayedhurika humo ni Peniel, na hakudhuriwa na kivuli chochote. Alidhuriwa na kioo cha dirisha, na kioo hicho kilivutwa na mkono wa bibi yake.

Halafu unaniambia gari lilikuwa limejaa. Lilijaa nini? Umenieleza mwenyewe bila kujua unachonieleza: njia ya katikati ina madumu yako, na hutaki yakanyagwe. Mahali pa dumu la asali mtu mzima anasimama. Mahali pa madumu yako yote mama na mwanawe wanasimama na mzee anapata pa kuegemea. Katika vyote vinavyopanda basi hilo, Mama Ritha, asali ndiyo pekee isiyoharibika kwa kusubiri. Ingeweza kusubiri Jumanne, ingeweza kusubiri mwaka. Mtoto mwenye homa hawezi. Najua hukuwemo wakati wa mvua na madumu yale yalikuwa ya wengine. Ijumaa ya Ritha yalikuwa yako.

Simtetei mwenye basi. Aliwaondolea gari moja akawaacha mgombane wenyewe kwa wenyewe, naye yuko mbali na kelele zenu. Lakini nimegundua jambo katika barua zenu zote. Kila anayeniandikia analalamika kwamba amebanwa. Hakuna anayelalamika kwamba kuna mtu ameachwa. Mtu akishapata kiti, basi limejaa, na akiwa bado barabarani lina nafasi, na ni mtu yule yule mmoja. Mkiwa mko tayari kuchanga kwa ajili ya mtaalamu wa kulizindika gari, chukueni mchango huo huo mumtume Mzee Gerald na wenzake wawili kwa diwani wenu, na kutoka hapo kwa mamlaka inayotoa leseni za njia, wakaombe gari la pili lirudi. Hilo ndilo zindiko ninalolifahamu mimi. Waende wakiwa wameoga, wazungumze kwa utulivu, na wasitaje mambo ya khanga.

Kuhusu desturi yenu ya dirishani: ni desturi nzuri, msiiue. Ila ilikuwa ya wakati wa basi la kila siku, wakati mama alikuwa na hakika ya kupanda. Siku hizi mama apande kwanza, akiwa na mwanawe mikononi, ndipo mtoto apokewe na aliyekaa. Na anayepokea amtazame mama usoni na kumuuliza jina la mtoto. Hilo tu lingewaokoa na mengi.

Sasa safari yako. Usiniulize ufungue dirisha au usifungue, kwa sababu Ijumaa hiyo hutakuwa ndani ya basi litakapofika Mizinga.

Jumanne ya wiki ile panda kama kawaida, bila dumu hata moja. Mlipe Idrissa nauli ya mizigo kama ulivyozoea na mwambie nafasi ya madumu yako inalipiwa kwa ajili ya Ijumaa, ni ya Ritha. Mwambie mbele ya watu, kwa sauti, ili Ijumaa asije akasahau. Mkifika Mizinga, mwambie dereva asimame, na ushuke. Ndiyo, gari litakuacha. Ndivyo ilivyo. Tembea mpaka kwa binti yako. Usianze kujieleza mlangoni. Mchukue Peniel umpakate, ukae, na Ritha atakapokuwa tayari kusema, asikilizwe mpaka amalize.

Kisha umwombe akupeleke kwa majirani. Mna binti anayeishi huko huko, na mmekaa mwezi mzima mkijiuliza yule mama ni nani. Nendeni nyumba kwa nyumba mkamuulize mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa wakati wa mvua. Ukimkuta yeye na mwanawe wako hai, mwamkie au uamkiwe kwa kadiri ya umri, na umwombe radhi kwa niaba ya gari zima. Ukikuta mtoto amezikwa, uliza kaburi liko wapi, kisha uketi na mama yake kama watu wanavyoketi kwenye msiba, hata kama watu wa msiba walikwisha kutawanyika zamani. Muulize jina la mtoto. Unaporudi Rungwa waambie jina hilo wote wanaosafiri nawe. Mtu akishakuwa na jina ni vigumu zaidi kumfungia dirisha.

Unaniambia mapaja yako yana nafasi ya mtoto mmoja. Umelea wangapi wewe? Kila paja linabeba wake, na mwanamke wa Rungwa asiniambie hajui.

Ijumaa asubuhi nendeni Mizinga mapema, wewe, Ritha na Peniel, msimame pale vichakani mlisubiri basi. Ninataka uyaone madirisha yale kutoka nje. Yatazame yanavyofungwa, la mbele, na la nyuma yake, mpaka la mwisho, na uzitazame nyuso za watu unaowafahamu zikiinama. Usipige kelele. Kumbuka tu kwamba Ritha ameshaliona jambo hilo mara mbili, na yule mama mwingine aliachwa mara tatu, na mara ya tatu hakuinua mkono. Wewe inua mkono wako mpaka lisimame.

Litasimama, kwa sababu Idrissa ataona aibu mbele ya wale waliokusikia Jumanne. Mlango ukifunguliwa, Ritha apande na Peniel kifuani mwake. Wewe uwe wa mwisho.

Na kama wakati unasubiri zamu yako utasikia nyuma yako mtu mwingine amesimama, anahema kwa uchovu wa njia, na mtoto anayehema harakaharaka, usigeuke kumkagua. Sogea pembeni, ushike mlango ili usifungwe, na umwachie nafasi apande kabla yako.

Bi Johari,
Singida